Jinsi ya kuendesha Baraza la Usalama la mfano shuleni, kwa azimio la Kongo la 2013

Sera ya mambo ya nje ya Tanzania kwa kawaida hufundishwa kwa orodha: kutofungamana na upande wowote, ujirani mwema, ukombozi wa Afrika, diplomasia ya uchumi. Mwanafunzi anaikariri, anaijibu kwenye mtihani, inaishia hapo. Muulize askari wa JWTZ wamefuata nini Kongo, atakwambia "kulinda amani". Muulize nani aliwaruhusu kufyatua risasi huko, na kwa maneno gani hasa, ananyamaza. Na maneno hayo yapo. Yana namba, yana tarehe, na kijana wa Kidato cha Tatu anaweza kuyaelewa akikaa nayo siku moja kwa utaratibu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia au uraia, na wa mlezi wa klabu ya Umoja wa Mataifa, katika shule za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Unahitaji wiki tatu za maandalizi, saa moja au mbili kwa wiki, kisha Jumamosi moja kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:30 mchana. Kama ni Juni au Julai, usianze mapema zaidi ya hapo. Ukumbi wa sakafu ya saruji Makete au Uyole saa mbili asubuhi unawafanya wajumbe wafikirie vidole vyao, si Goma.

Chagua siku moja ya kweli

Vikao vingi vya mfano huharibika hata kabla ya kuanza, kwa sababu mada huandikwa "mgogoro wa Kongo", bila tarehe. Mmoja anazungumzia Lumumba, mwingine habari aliyoiona kwenye simu jana, na hakuna anayemjibu mwenzake. Chukua siku moja: 28 Machi 2013. Siku hiyo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, lililounda ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, brigedi maalumu ya mapigano. Nchi tatu zilitoa askari wake: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi.

Wape wanafunzi matukio matatu tu ya kuingilia nayo. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na walinda amani waliokuwapo hawakuwazuia. Baadaye M23 wakatoka mjini, lakini hawakuweka silaha chini. Tarehe 24 Februari 2013, mjini Addis Ababa, nchi 11 za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zilisaini Mpango wa Amani, Usalama na Ushirikiano kwa ajili ya Kongo. Mwezi mmoja baadaye, New York, Baraza linakaa.

Kanuni ya chumba: hakuna anayejua lililotokea baada ya tarehe hiyo. Mjumbe akitaja jambo la 2017 au 2025, Rais wa Baraza anagonga meza na hoja inafutwa. Usilegeze hata kidogo hapa. Mjumbe anayejua mwisho wa hadithi hana tena haja ya kufikiri.

Watu, viti na manila

Baraza lina wajumbe 15. Watano ni wa kudumu: China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Kumi huchaguliwa kwa miaka miwili miwili. Machi 2013 kumi hao walikuwa Argentina, Australia, Azabajani, Guatemala, Jamhuri ya Korea, Luxembourg, Moroko, Pakistani, Rwanda na Togo. Tumia hao hao, usiwabadilishe kwa sababu eti wanafunzi hawaijui Luxembourg. Kutojulikana huko kuna faida: anayepewa nchi asiyoijua husoma zaidi ya anayepewa Marekani.

Kila nchi iwe na wajumbe wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kuandika, wabadilishane katikati ya kikao. Hao ni 30. Ongeza wawili wawili wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, jumla 38. Weka Katibu Mkuu na karani wake, unafika 40. Darasa likiwa na watu 60, waliobaki wawe waandishi wa habari wanaotoa taarifa ya ukutani kila baada ya saa moja. Usiweke watatu kwenye nchi moja. Wa tatu husinzia.

Vibao vya majina vikate kwenye manila ya sentimita 59 kwa 84. Kata vipande vya sentimita 28 kwa 24, kila karatasi moja inatoa sita. Kunja kila kipande katikati kisimame kama paa la nyumba. Karatasi nne zinakupa vipande 24. Unahitaji 20 vya nchi na Katibu Mkuu, kimoja cha "Rais", na vitatu vya akiba, maana lazima kuna atakayekosea kuandika Azabajani. Andika jina pande zote mbili, ili aliyekaa nyuma ya kibao naye akumbuke yeye ni nani. Hilo husaidia kuliko linavyoonekana.

Panga madawati ya wajumbe 15 kwa umbo la herufi U. Wakae kwa alfabeti ya majina ya Kiingereza, kama ilivyo New York. Rais wa Machi 2013 alikuwa Urusi, kwa hiyo Urusi akae katikati ya mkunjo. Kongo, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakae kwenye meza yao nje ya U.

Hapo ndipo manung'uniko huanza. Kila mwanafunzi anaitaka Tanzania, na sasa Tanzania imewekwa pembeni na haina kura! Wala usiwaonee huruma. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka 1975 na 1976, kisha 2005 na 2006. Mwaka 2013 haikuwamo. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinairuhusu nchi isiyo mjumbe kushiriki mjadala unaoyagusa maslahi yake, bila kupiga kura. Maana yake ni kwamba wanaopiga kura ya kupeleka askari mara nyingi si wanaowatoa askari hao. Luxembourg ina kura, Tanzania ina batalioni. Darasa likilihisi jambo hilo kwenye viti vyenyewe, umeshaokoa vipindi viwili vya maelezo.

Karatasi ya kila nchi

Wiki mbili kabla, kila nchi ipewe nusu karatasi yenye maswali matatu: tunataka nini, hatuwezi kukubali nini, na tunamsikiliza nani. Wajumbe wajaze wenyewe, mwalimu asahihishe. Nusu karatasi inatosha. Ukiwapa kurasa tano watazisoma kwa sauti kikaoni, kikao kikafa.

Ufaransa ndiyo hushika kalamu kwenye masuala ya Kongo barazani, yaani ndiyo huandika rasimu ya kwanza. China na Urusi huanza kwa kuuliza kama serikali ya nchi husika imekubali, na hapa Kinshasa imekubali. Argentina, Guatemala na Pakistani ziliunga mkono azimio lakini zilieleza wasiwasi kwamba kikosi cha kulinda amani kikigeuzwa kikosi cha kupigana, walinda amani wengine wote watahesabiwa kuwa upande mmoja wa vita. Pakistani ni mtoaji mkubwa wa askari, kwa hiyo wasiwasi wake si wa maneno matupu. Rwanda ni jirani, ni mjumbe mwenye kura, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameishutumu kwa kuwasaidia M23, shutuma ambayo iliikanusha. Hata hivyo iliunga mkono azimio hilo. Mpe nafasi ya Rwanda mwanafunzi mtulivu kuliko wote.

Karatasi ya Tanzania ndiyo ya kukaa nayo zaidi, na huku nyanda za juu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kupitia Makambako, Mbeya na Tunduma, kwa mkopo wa China usio na riba, ili Zambia isitegemee njia za watawala wa kibaguzi wa kusini. Hiyo ni sera ya mambo ya nje unayoweza kuigusa kwa mkono pale stesheni ya Iyunga. Mgagao, wilayani Kilolo, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Malori yanayopanda Uyole na Mbalizi kuelekea Tunduma yanabeba mizigo ya Zambia na ya Kongo, kwenda na kurudi bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mjumbe wa Tanzania aandike sababu mbili, na asione haya kwa yoyote kati yake: ya undugu na ukombozi, na ya maslahi. Nchi inayodai inakwenda kwa wema peke yake haiaminiki mezani, na inayodai inafuata biashara peke yake itashindwa kuwaeleza wazazi kwa nini mtoto wao hakurudi.

Kisha Malawi. Mwaka 2012 ndipo mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa ulipowaka upya, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani. Wanafunzi wa Kyela wanaifahamu habari hiyo toka nyumbani. Mwaka uliofuata askari wa nchi hizo mbili wakawa chini ya brigedi moja huko Goma, wakiongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, kamanda wa kwanza wa brigedi hiyo. Waambie wajumbe wa Tanzania na Malawi wajadiliane dakika kumi kabla ya kikao: nchi mbili zenye mgogoro wa mpaka zinawezaje kukabidhiana ubavu wa askari wao? Mazungumzo yao yafanyike faragha, ila jibu walilete mezani.

Kuandika azimio

Hapa ndipo siku inapopata thamani yake, nalo ndilo eneo ambalo shule nyingi huliruka ili kuwahi hotuba. Hotuba hazitumi askari popote. Maandishi ndiyo yanayotuma.

Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo utapata maandishi ya Kiingereza au Kifaransa. Endesha kikao kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza huacha kutafuta hoja, na wale wanaokifahamu zaidi Kiingereza hukigeuza kikao kuwa chao.

Azimio zima ni sentensi moja ndefu, na mtendaji wake ni Baraza. Kiswahili kina bahati hapa: sarufi yenyewe inalipanga. Sehemu ya kwanza, dibaji, inaeleza Baraza liko katika hali gani, na vitenzi vyake vinachukua -ki-. Sehemu ya pili inatenda, na vitenzi vyake vinachukua -na-. Andika ubaoni:

Baraza la Usalama,
likikumbuka maazimio yake yaliyotangulia,
likisikitishwa na hali ya wananchi wa Kivu Kaskazini,
likitenda chini ya Sura ya VII ya Mkataba,
1. linaamua ...
2. linaidhinisha ...
3. linataka ...
4. linamwomba Katibu Mkuu ...

Mwanafunzi akiandika "Baraza linakumbuka" kwenye dibaji au "likiamua" kwenye utendaji, sikio la darasa zima litashtuka kabla mwalimu hajasema. Dibaji isizidi mistari mitano, ibara za utendaji zisizidi nane. Bila mipaka hiyo utaletewa ibara ishirini za huruma zisizo na kazi.

Uzito wa vitenzi hauko sawa, na waupange wenyewe kwa kushuka. "Linaamua" inafunga kila nchi. "Linaidhinisha" inampa mtu ruhusa. "Linataka" ni amri kwa wale wanaopigana. "Linahimiza" na "linatoa wito" ni maneno ya heshima, anayepuuzia hapati adhabu. "Linalaani" halimfanyi mtu lolote, ila humbandika jina. Kosa linalojirudia kila mahali ni "linahimiza M23 waache vita" kwenye ibara ya kwanza, kisha wajumbe wanashangaa kikosi chao hakina meno. Wote hawakuandika kitenzi cha ruhusa. Fungu la maneno linaloruhusu nguvu ni "kuchukua hatua zote zinazohitajika", likiwa chini ya Sura ya VII, ile inayoliruhusu Baraza kutumia nguvu. Likikosekana, askari amebaki na kanuni ya kujilinda na kuulinda wajibu wake, na huo wajibu nao unategemea mlichoandika.

Kila ibara inayounda kikosi ijibu maswali matano: ni watu wangapi, wakae wapi, kwa muda gani, chini ya amri ya nani, na wanaondoka lini. Azimio la kweli lilijibu hivi. Brigedi ilikuwa na batalioni tatu za askari wa miguu, kikosi kimoja cha mizinga, na kombania moja ya makomandoo na upelelezi. Makao yake Goma. Ilikuwa ndani ya kikomo cha askari 19,815 wa MONUSCO, si juu yake. Kwa kuanzia ilipewa mwaka mmoja. Ilikuwa chini ya kamanda wa kikosi kizima cha MONUSCO, si chini ya majeshi ya nchi zilizotoa askari. Na Baraza liliandika kwamba linafanya hivyo kwa hali ya kipekee, bila kuweka desturi kwa siku zijazo, nalo lilifanya hivyo ili kuwatuliza wale wenye wasiwasi. Usiwape wanafunzi majibu haya kabla. Wape maswali matano, wajibishane.

Tenga dakika 15 kwa neno moja. Kiini cha azimio 2098 ni kitenzi cha Kiingereza, "neutralize", ambacho wanafunzi wa kemia wamekutana nacho maabara: kile cha asidi na besi zikichanganywa, kila moja ikapoteza ukali wake. Brigedi ilipewa jukumu la kuvifanyia hivyo vikundi vyenye silaha. Kwa Kiswahili tuseme nini? "Kuvimaliza" kunaruhusu kuua hadi wa mwisho. "Kuvinyang'anya silaha" kunasahau viongozi na fedha zao. "Kuvidhoofisha" hakuna mwisho, maana leo kimedhoofika, kesho kimepata nguvu. "Kuvivunja nguvu" kunakaribia. Wapige kura ya neno. Mjumbe wa Kongo atataka kali, Guatemala atataka laini, na hapo wameifanya kazi halisi ya mwanadiplomasia, ambayo sehemu kubwa ni kubishania kitenzi.

Waonyeshe jambo jingine: habari nyingi za Kiswahili ziliiita brigedi hii "kikosi cha kujibu mashambulizi". Ukilisikia jina hilo unadhani askari wanasubiri wapigwe kwanza. Azimio liliwaruhusu kuanzisha wao mashambulizi yaliyolengwa, pamoja na jeshi la Kongo au peke yao. Jina lilitulia kuliko kazi. Mwanafunzi akishaliona hilo, hatasikiliza taarifa ya habari kama zamani.

Siku yenyewe

Saa 3:00 Rais anafungua kikao na kusoma ajenda. Katibu Mkuu anatoa taarifa ya dakika tano. Kongo inapewa dakika tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi mbili mbili, kisha wajumbe 15 dakika moja na nusu kila mmoja. Karani ashike saa na kuinua karatasi nyekundu sekunde 15 kabla. Hadi saa 3:50 umemaliza hotuba.

Kuanzia hapo hadi saa 5:30 ni mashauriano. U inavunjwa, watu wanasimama, wanakaa makundi, wanatembeza rasimu. Ukumbi utajaa kelele, na kelele hiyo ni nzuri. Mwalimu apite makundini na swali moja tu: "Ibara hiyo inamtuma nani afanye nini?" Asishike kalamu. Mabadiliko yoyote yaandikwe kwa karatasi, yatiwe jina la nchi inayoyaleta, yapelekwe kwa karani. Mabadiliko ya mdomo hayahesabiwi, la sivyo saa sita watakuwa wanagombana nani alikubali nini.

Saa 5:30 uji au chai, dakika 20. Rasimu ya mwisho iandikwe ubaoni au kwenye karatasi kubwa wakati huo huo. Usitegemee projekta: umeme ukikatika, kura inakosa cha kupigiwa.

Kura hupigwa kwa kuinua mkono. Rais anauliza wanaounga mkono, wanaopinga, wasioegemea upande. Azimio linahitaji kura tisa za ndiyo, na pasiwepo "hapana" ya mjumbe wa kudumu. Kabla ya kura ya kweli, fanya hesabu tatu za majaribio. Ndiyo nane, hapana sifuri, saba hawakuegemea: limeanguka, halikufika tisa. Ndiyo 14, hapana moja ya Togo: limepita. Ndiyo 14, hapana moja ya China: limeanguka, hiyo ndiyo kura ya turufu. Ongeza na hii, ambayo huwachanganya wengi: China ikikaa bila kuegemea upande, na ndiyo zipo tisa au zaidi, limepita.

Baada ya kura kila mjumbe ana dakika moja ya kueleza kwa nini alipiga alivyopiga. Usiikate sehemu hii hata muda ukibana. Mwaka 2013 kura zote 15 zilikuwa ndiyo, na tofauti zilijulikana kwenye maelezo ya baada ya kura.

Yanayoharibika

Kura ya turufu ndiyo inayowapendeza wanafunzi kupita kiasi. Kijana wa Urusi ataitumia saa nne asubuhi kwa raha ya kuitumia tu. Weka sharti: anayetaka kupinga atangaze mapema ibara inayomkwaza na maneno ambayo angeyakubali badala yake. Mara nyingi ibara inarekebishwa na kura inapita, na ndivyo inavyokuwa barazani pia: turufu hufanya kazi kubwa zaidi ikiwa bado mfukoni.

Rwanda kushambuliwa kwa matusi ni hatari ya kweli. Mjumbe azungumziwe kwa jina la nchi na kwa adabu ya kidiplomasia, "mheshimiwa mwakilishi wa Rwanda". Anayevunja hilo anapoteza zamu yake. Isitoshe, huenda darasani yumo mwanafunzi ambaye familia yake ilitoka huko.

Mkwamo nao hutokea. Saa tano hakuna rasimu. Rais awaite Ufaransa, Kongo na mwenye wasiwasi mkubwa zaidi, watu watatu tu, dakika kumi nje ya mlango, warudi na ibara moja. Ibara moja ikipatikana, nyingine hufuata.

Baada ya kura

Sasa fungua tarehe. Novemba 2013 M23 walishindwa. Brigedi haikuondoka baada ya mwaka mmoja. Iliongezewa muda tena na tena. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki karibu na Beni, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la usiku. Kabla ya hapo, 13 Julai 2013, askari saba wa Tanzania walikuwa wameuawa Darfur, Sudan, wakiwa na UNAMID, kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Januari 2025 M23 waliingia tena Goma, na 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC wakakutana Dar es Salaam kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Taja vifo hivi kwa uangalifu. Wiki moja kabla, uliza kwa faragha kama yupo mwanafunzi ambaye mzazi au ndugu yake ni askari. Mikoa hii ina kambi, Itende na Mafinga zikiwemo, na ina familia nyingi za wanajeshi. Akiwepo, mweleze yatakayosemwa, na aamue mwenyewe kuwepo au kutokuwepo. Darasa lisimame kimya dakika moja kabla ya kuendelea. Kisha rudi ubaoni na uulize: kati ya ibara tulizoandika, ipi ingebadilisha lolote usiku ule? Muda? Silaha? Idadi? Waache wajibu polepole.

Swali la fedha litaulizwa, lijibiwe kwa namba. Kuanzia Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukirejesha dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na fedha hizo hulipwa serikali, si mfukoni mwa askari moja kwa moja. Linganisheni kiasi hicho na malengo ya diplomasia ya uchumi ya sera ya 2001, ambayo toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025.

Hifadhi vibao vikiwa vimenyooshwa, ndani ya bahasha kubwa, mbali na unyevu; manila iliyolowa haisimami tena. Kwa kikao cha pili, muhula unaofuata, tumia Januari 2006. Mwezi huo Tanzania ndiyo ilikuwa Rais wa Baraza, na Baraza likapitisha azimio namba 1653 kuhusu ukanda wa Maziwa Makuu. Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania wakati huo alikuwa Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa. Safari hiyo Tanzania ikae katikati ya mkunjo wa U, na wale waliokaa pembeni mara ya kwanza ndio wapewe kiti hicho.